Kadi ya Picha Sita

Jina alilopewa na wazazi wake walilijua wachache. Mtaa mzima ulimwita Subiri, kwa kuwa ndilo neno alilolitumia kuliko mengine yote kazini. Mteja akishakaa kwenye kigoda, kanyoosha shingo, kabana midomo kama anayengoja sindano, mpiga picha humwambia, "Subiri," akaenda kusogeza taa. Akirudi nyuma ya kamera husema tena, "Subiri kidogo," akaja kumtoa uzi begani, uzi ambao pengine haukuwepo. Mpaka anapobonyeza, mteja kashachoka kujikakamua, uso umelegea na kuwa uso wake wa kila siku, na hapo ndipo picha inapopatikana. Wengine waliona ni uzembe. Ulikuwa ufundi.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kwenye safu ya maduka matano, katikati ya kinyozi na duka la dawa. Ndani mlikuwa na pazia la buluu lililofifia upande mmoja kwa jua la dirishani, taa mbili zenye miavuli myeupe, kigoda kisicho na mgongo, na kioo cha ukutani chenye kitana kilichofungwa kamba ili kisiondoke na mteja. Kwenye kona ilikaa mashine ya kuchapa picha, ambayo kila asubuhi ilikoroma na kukohoa kama mzee anayeamshwa kabla ya wakati. Subiri alikuwa na miaka arobaini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza ndani ya chumba hicho. Zamani alipiga harusi, mahafali, watoto wa siku arobaini. Kisha simu zikaja, na wenye harusi wakaanza kumwambia bila aibu kwamba binamu wa bwana harusi ana simu nzuri. Zikabaki picha za pasipoti na vitambulisho, nyuso zisizocheka, nne kwa mkupuo.

Mama yake alifariki ghafla, asubuhi moja, akiwa na miaka sabini na minne. Siku hiyo hiyo dada yake mkubwa alimwita pembeni.

"Tunataka picha ya mama ya kuweka mbele, pale watu watakapopita kumuaga," akamwambia. "Hiyo niachie wewe, siwezi kumwambia mtu mwingine."

Subiri akaenda studio, akafunga mlango, akawasha kompyuta. Humo mlikuwa na maelfu ya watu. Mlikuwa na mabibi harusi walioachika zamani, watoto ambao sasa wana watoto wao, hata mbwa wa mwenye duka la dawa, kapigwa picha tatu. Za mama yake zilikuwa saba. Katika mbili kageuka anamwita mtu. Katika moja kaziba uso kwa kiganja. Katika nyingine ni bega lake tu na sufuria. Tatu zilizobaki zilitoka na ukungu. Si kwamba hakupenda kupigwa picha, zaidi ya mara moja alimwuliza mwanawe, "Na mimi lini utanikalisha kwenye hicho kigoda chako?" Naye kila mara alimjibu kwa neno lake lile lile la kazini.

Mwishowe alichukua kitambulisho cha marehemu, akaikuza ile picha ndogo ya pembeni. Muhuri wa ofisi ulikuwa umepita juu ya sikio la kushoto. Akaufuta taratibu, lakini muhuri ulipoondoka uliondoka na sikio. Watu walipita mbele ya picha hiyo, wakainamisha vichwa, wala hakuna aliyesema neno. Wiki iliyofuata kinyozi jirani alikuja kumpa pole kwa mara ya pili, akakaa mlangoni.

"Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu," akasema. "Mimi mwenyewe hunyolewa na shemeji, na kila mara ananichuna."

Alikusudia kumfariji. Subiri alitabasamu, lakini lile neno lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Mwezi haukuisha akamwambia mkewe aliyowaza. Mkewe alikuwa mhudumu wa mapokezi zahanati, mwanamke wa maneno machache aliyezoea kuwauliza watu wanaumwa wapi na kungoja jibu. Subiri akamweleza kwamba atawapiga picha wazee wote wa miaka sabini na kuendelea kwa nusu bei. Tena kila atakayepigwa atapewa kadi ya picha sita: vyumba sita vimechorwa juu ya karatasi ngumu, na mwenye kadi atasafishiwa picha moja kwa kila chumba, siku yoyote aitakayo, bila kulipa tena. Akitaka zote leo, sawa. Akitaka moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao, sawa pia.

"Nusu bei, halafu na picha sita juu yake," mkewe akasema.

"Ndiyo."

"Na karatasi za picha tutazichuma mtini?"

Mkewe akamtazama, akakumbuka lile sikio.

"Fanya," akasema. "Ila bango liandike kwa herufi kubwa. Wazee hawaoni."

Bango likatundikwa mlangoni: WAZEE WA MIAKA SABINI NA ZAIDI, NUSU BEI. UTAPEWA NA KADI YA PICHA SITA. HAINA MWISHO. Subiri akafua pazia, akanunua mto wa kuweka kwenye kigoda, akangoja. Wiki ya kwanza hakuja mzee hata mmoja. Wiki ya pili alikuja mwanamume wa makamo kupiga za pasipoti, alipomaliza alisimama akalisoma bango, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na sanduku mnatoa nyinyi, au mtu anakuja na lake?"

Subiri akaenda kwa kinyozi kuuliza kulikoni. Kinyozi alikuwa akisafisha mashine yake kwa mswaki.

"Unataka ukweli au unataka kubembelezwa?"

"Ukweli."

"Watu wanasema unapiga picha za kuagia. Habari ya picha ya mama yako kila mtu anaijua. Hujakaa sawa, umetundika bango la wazee. Sasa binti akimwambia mamake, twende kwa Subiri, mama anamwuliza, daktari kakwambia nini ambacho mimi sijaambiwa?" Akapuliza nywele kwenye mashine. "Una nia njema, lakini nia yako imevaa nguo za msiba."

Aliyekuja wa kwanza alikuja kwa ugomvi. Alikuwa mshonaji mstaafu, mwembamba, wima, aliyewashonea sare za shule nusu ya watu wazima wa mji ule. Walimwita Bibi Pindo, kwa sababu hakuweza kusalimiana na mtu kabla hajamwangalia upindo wa nguo. Aliingia, akamtazama Subiri upindo wa suruali, kisha usoni.

"Wewe ndiye unayeuza wazee nusu bei?"

"Shikamoo, Bibi. Siuzi wazee. Napunguza bei ya picha."

"Marahaba. Nguo hupunguzwa bei ikikaa dukani mpaka ikapauka. Mimi nimepauka?"

"Hapana, Bibi."

"Basi nitalipa bei ya watu. Na unipige picha ya mtu aliye hai, si ya kuegeshwa kwenye maua."

Akakaa kigodani, mto akausukuma pembeni. Subiri akasogeza taa, akasema neno lake. Bibi Pindo akamjibu kwamba kasubiri miaka sabini na mitatu, na umeme haungoji mtu. Hata hivyo alikaa saa nzima. Alimkosoa Subiri namna alivyopanga mwanga kwenye kola yake, na alikuwa sahihi. Kivuli kiliifanya ionekane imepinda. Katikati ya kazi alichomoa sindano iliyochomekwa ndani ya kifua cha gauni lake, akaishika mbele ya macho, akaitia uzi bila miwani, kwa jaribio la kwanza tu. Subiri akabonyeza. Alijua wakati huo huo kwamba tangu aanze kazi hajapiga picha nzuri kuliko ile.

Alipompa kadi, Bibi Pindo aliigeuza mbele na nyuma. "Hii naipokea," akasema. "Hii si punguzo, ni ahadi. Lakini lile bango lako livue. Wazee hawapendi kuhesabiwa miaka mlangoni. Waambie waje na mtu. Mtu akija na mtu, hiyo ni sherehe. Akija peke yake kwa nusu bei, hiyo ni zahanati."

Bango jipya liliandikwa jioni ile ile: NJOO NA MAMA, BABA, BIBI, BABU, SHANGAZI AU MJOMBA. MKIJA WAWILI, MMOJA HALIPI. Chini yake ikaandikwa habari ya kadi. Haikupita siku tatu akaja muuguzi na mjomba wake aliyevaa koti la suti la mtu mnene kuliko yeye. Wakaja mtu na kaka yake, wazee wote wawili, wakabishana nusu saa nani kati yao ndiye asiyelipa, maana kila mmoja alitaka heshima ya kulipa. Akaja bibi aliyekataa katakata kuvua miwani ya jua. Kinyozi naye akafaidi, kwa kuwa wajukuu hawakutaka kupigwa picha na vichwa vya wiki mbili. Mashine ya kona ikawa haikohoi tena, haikupata nafasi.

Na ili asichanganyikiwe nani kadai ngapi, Subiri alichonga muhuri. Kila picha aliyoitoa kwa kadi aliigonga nyuma: jina la studio, mtaa, na namba. Ya kwanza kati ya sita. Ya pili kati ya sita. Aliona ni utaratibu mzuri, wala hakuufikiria zaidi ya hapo.

Bibi Pindo hakuzichukua picha zake kwa pamoja. Alikuja mara moja kila mwanzo wa mwezi, asubuhi, akiwa kavaa kama anayekwenda kuonana na mkubwa wa serikali. Alikaa mbele ya kompyuta, akazipitia zote, akachagua moja. Subiri akiichapa, akiigonga muhuri, Bibi aliazima kalamu, akaandika kitu nyuma, kiganja kimefunika kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu. Kisha akaitia kwenye bahasha, akaenda posta.

Mara ya tatu alimsogezea Subiri bahasha. Akamwomba Subiri amwandikie anwani. Ilikuwa ya mtu aliye mji wa mbali, na ubini ulikuwa ule ule wa Bibi Pindo.

"Ndugu yako, Bibi?"

"Mwanangu wa pekee."

Akaangalia upindo wa pazia, ambao ulikuwa umeachia. Halafu akasema kama anayemsimulia pazia.

Mwanawe alioa miaka tisa nyuma. Bibi alimshonea mkwe gauni, miezi miwili, shanga akizipachika moja moja. Wiki ya harusi yule binti akamwambia kwamba ameamua kuvaa la kukodi, kwa kuwa lile mtindo wake ni wa zamani. "Hakunitukana," Bibi Pindo akasema. "Angenitukana ningesamehe. Alisema kwa adabu kabisa. Na mwanangu akaniambia, mama, ni kitambaa tu. Mtoto aliyenyonya kitambaa, akala kitambaa, akasomeshwa na kitambaa." Siku ya harusi alijifungia ndani, hakwenda. Baadaye alingoja waje kumtaka radhi, nao wakangoja aende kuwataka radhi, mwezi ukawa mwaka na mwaka ukazaa miaka mingine. Alisikia kwa watu kwamba ana mjukuu.

"Na nyuma ya picha unamwandikia nini?"

"Tarehe."

"Tarehe tu?"

"Na jina la kitambaa nilichovaa." Akaifunga bahasha kwa ulimi. "Picha haiombi radhi, mwanangu. Inabisha hodi tu. Mwenye nyumba akitaka atafungua."

Mwezi wa tatu ukapita bila jibu, na wa nne vilevile. Bibi hakulalamika, ila aliacha kuuliza kama Subiri ana uhakika kwamba posta wanafanya kazi Jumamosi. Hilo Subiri aliliona baya kuliko malalamiko. Jioni moja wakiwa mezani alimwambia mkewe, "Anwani ninayo. Nikimwandikia yule bwana mistari miwili, nimweleze tu..."

"Kwani mama ni wako?" mkewe akasema.

Mkewe akaweka kijiko chini. "Sikukusudia hivyo."

"Najua."

Hakuandika.

Jumamosi ya katikati ya mwezi wa tano, studio ilikuwa imefunguliwa kitambo kidogo tu, akaingia mwanamume mrefu mwenye mabega yaliyoinama, mikono ina makovu madogo madogo ya mtu anayefanya kazi na vyuma. Hakusalimia. Alitoa picha tano kwenye mfuko wa shati, akazipanga juu ya meza, migongo juu, kisha akaweka kidole kwenye muhuri.

"Studio hii ni yako?"

"Ni yangu. Karibu."

"Wewe ndiye uliyempiga hizi."

"Ndiyo."

"Basi niambie usinifiche. Mama yangu anaumwa nini?"

Subiri akamtazama bila kuelewa. Yule bwana akaanza kuzigeuza moja moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeyakariri maneno njia nzima. Ilipofika ya kwanza, alisema, aliiweka kabatini. Ya pili ilipofika, mkewe akaona namba. Ya kwanza kati ya sita. Ya pili kati ya sita. Wakajiuliza ni nini kinachohesabiwa. Ya tatu, ya nne. Mama ambaye hakuwaandikia miaka tisa, leo anatuma picha kila mwezi, hana neno, ana tarehe na jina la kitambaa tu, na namba inapanda. "Juzi ikaja ya tano kati ya sita," akasema. "Nikamwambia mke wangu, daktari kampa miezi sita. Ya sita tutaikuta mbele ya jeneza."

Subiri alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Akafungua droo, akatoa kadi tupu, akaiweka pembeni ya zile picha.

"Ni ofa," akasema.

"Nini?"

"Ofa ya studio. Ukipigwa picha, unapata kadi ya kusafishiwa sita. Hizo namba ni hesabu yangu, nisije nikampa mtu picha saba. Mama yako hajambo, bwana. Mwanzo wa mwezi alikuwa hapa, akaniambia pazia langu limeshonwa na mlevi."

Yule bwana akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akashika kadi, akahesabu vyumba vyake kwa kidole kama asiyejua kusoma. Alikuwa fundi wa majokofu, alikuja kusema baadaye, na alikuwa ameacha kazi tatu za watu nusu.

"Nimeendesha gari usiku kucha, saa saba nzima," akasema, "kwa ajili ya ofa."

Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Subiri akajishughulisha na kamera iliyokuwa haina tatizo. Alipotulia, yule bwana akasimama, akazikusanya picha zake.

"Kama mzima, basi ngoja nirudi."

"Kwa nini?"

"Nilikuja kwa mgonjwa. Kwa mgonjwa mtu anaingia tu, haulizwi kitu. Kwa mzima nitaingiaje? Niseme nini?"

Subiri hakuwa msemaji. Lakini alimwonyesha kigoda, akamwambia kwamba mama yake mwenyewe aliomba kukaa pale, akaomba tena, na siku ya kumuaga watu waliaga picha isiyo na sikio. Alisema hivyo tu. Yule bwana akabaki kasimama, mkono uko mlangoni.

"Utanisindikiza?" akauliza mwishowe.

Subiri akageuza kibao mlangoni, wakatoka. Kwenye gari alikuwepo mke wa yule fundi, macho mekundu, na mtoto wa kike wa miaka saba aliyekuwa kalala juu ya mapaja yake. Njiani hakuna aliyesema isipokuwa Subiri, akielekeza kushoto na kulia.

Bibi Pindo sasa aliishi vyumba viwili nyuma ya posta, alikohamia baada ya ile harusi. Alifungua mlango futi ya kupimia ikiwa shingoni. Alimwona Subiri, akafungua mdomo kumkaripia kwa kuja bila taarifa, kisha akamwona aliye nyuma yake. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Akamtazama mkwe. Akateremsha macho kwa mtoto.

"Mmetoka mbali," akasema. "Mmekula?"

"Hatujala, mama," mwanawe akajibu, na sauti haikumtoka vizuri.

Wakaingia. Dirishani palikuwa na cherehani iliyofunikwa kitambaa safi, na kila kiti kilikuwa na mto wa vipande vipande. Watu wazima wakabaki wamesimama kama wageni wa serikali. Mtoto ndiye aliyekwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akafunua kitambaa. Bibi akamfuata, na kabla ya lolote akalikamata gauni lake chini.

"Nani kashona hii?"

Subiri, aliyekuwa mlangoni, alitamani awe popote pengine.

"Mimi, mama," mkwe akasema. "Nimejifunza kwenye simu."

Bibi Pindo akapiga magoti kwa taabu, akaugeuza upindo, akaupitisha kati ya vidole, mshono baada ya mshono, kuzunguka gauni zima. Mtoto akasimama wima kama askari.

"Mkono si mbaya," akasema. "Uzi ndio uliokuangusha. Uzi huu ni wa kufungia mifuko."

Akataka kuinuka, magoti yakamgomea. Mwanawe akaja akamshika makwapani, akamwinua, na alipokuwa amesimama hakumwachia. Subiri akatoka nje, akaegemea ukuta, akasoma matangazo ya posta yote hadi ya mwaka uliopita. Kutoka ndani alisikia yule fundi akieleza habari ya namba, kisha kicheko cha Bibi Pindo, kikavu na kirefu.

"Ulikuja kunizika," akamsikia akisema, "umenikuta na njaa."

Walikaa siku tatu. Jumapili mchana mkwe alimjia Subiri nyumbani peke yake, akamwomba msaada. Kwenye simu alikuwa na picha ya harusi yake, familia zote mbili zimejipanga ngazini, na upande wa bwana harusi pana nafasi kama jino lililong'oka. Alitaka Bibi awekwe pale. Subiri aliona ni jambo jema. Akaenda studio, akafanya kazi hiyo mpaka jioni: akamtoa Bibi kwenye picha yake moja, akamsimamisha pembeni ya mwanawe, akalinganisha mwanga, akamtengenezea kivuli juu ya ngazi. Ilikuwa kazi safi. Asiyejua asingejua.

Wakampelekea. Bibi Pindo akaisogeza karibu na dirisha.

"Umenishonea vizuri," akamwambia Subiri. "Mshono hauonekani." Kisha akairudisha mezani. "Lakini sikuwepo."

"Nilitaka tufute yale, mama," mkwe akasema.

"Siku ile mimi nilikaa ndani, mlango nimeufunga kwa ufunguo, na huyu akaoa bila mama. Ndivyo ilivyokuwa. Mkinitia hapo, mtoto huyu akiwa mkubwa atasema bibi yake alikwenda na akafurahi. Tutakuwa tumemdanganya sote watatu, na huyu mpiga picha wa nne. Cha kufuta kifutwe kwa mdomo."

Subiri alihisi amekemewa, na akaona kakemewa kwa haki. Mkwe alikuwa ameinama, anakunja ncha ya mtandio wake.

"Lile gauni, mama," akasema. "Lilikuwa zuri. Niliogopa marafiki zangu watanicheka. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na mimi mniwie radhi, nilijifungia kwa ufunguo." Bibi akavuta pumzi. "Msiniulize liko wapi. Nililifumua wiki ile ile. Shanga nikamuuzia mshonaji mwenzangu. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na kodi ya nyumba."

Mwanawe ndiye aliyecheka kwanza.

Picha iliyopigwa ni ya asubuhi iliyofuata, chumbani mle mle, kabla hawajaondoka. Bibi kakaa kwenye cherehani, mkwe kasimama nyuma ya bega lake, mtoto kashika futi na hakutulia hata kidogo, na fundi wa majokofu kafumba macho. Subiri alipiga nyingine kumi na moja, macho ya kila mtu yako wazi, lakini Bibi aliikataa kila moja. Akaichagua hiyo ya kwanza. Wakaichapa kwa chumba cha mwisho cha kadi. Subiri akauchukua muhuri, akausogeza kwenye wino, akausimamisha hewani.

"Namba usiweke," Bibi Pindo akasema.

Tangu siku hiyo muhuri hugongwa kwenye kadi tu, nyuma ya picha huandikwa jina la studio basi. Kadi zenyewe mke wa Subiri alizipunguza zikawa za picha nne, baada ya kukaa na bili ya karatasi mezani na kumwonyesha mumewe bila kusema neno. Wateja hawakulalamika. Fundi wa majokofu sasa huja na familia yake kila baada ya miezi miwili, na katikati ya safari hizo mkwe humpigia mama mkwe simu ya video, amwonyeshe alichoshona. Bibi Pindo hana mtandao wa kutosha kwake, kwa hiyo anakuja kupokelea studio. Hukaa kwenye kigoda, kaegesha mbele yake kioo kilichotolewa ukutani ili nuru impate, na Subiri hulazimika kuwaambia watu wa pasipoti wasubiri nje, huku ndani mtu anafundishwa, kwa sauti kubwa na bila huruma nyingi, jinsi ya kukata mkono wa gauni.